Mkesha wa Zuleica

Jumatano, 9 Januari 2013

Daftari hili nimepewa na Doutor Feliciano niandike habari za kila jani: limechumwa wapi, kwenye mchanga au udongo mwekundu, mti wake ulikuwa na urefu gani. Lina kurasa mia mbili. Majani ya kijiji chetu cha Kisungule hata yawe mengi vipi hayatazimaliza, kwa hiyo huku nyuma nitaandika yangu. Akiuliza nitasema najizoeza mwandiko.

Kazi imeletwa na gesi. Wanasema iko tele chini ya bahari yetu, na kabla hawajajenga huku nchi kavu lazima ijulikane ni mimea gani inaota. Doutor ndiye aliyetumwa kuitafuta mimea hiyo. Ni Mmakonde wa kule juu uwandani, miaka sitini na ushei, anatembea polepole ameinama, mpaka watu wanadhani ameangusha kitu. Amenichukua mimi kwa sababu nilisoma Mtwara kwa mama mdogo hadi la saba, kisha Mocímboa hadi la kumi, na mwandiko wangu unasomeka. Ananiita Dona Alima. Hakuna aliyewahi kuniita Dona hapa, na leo nimejikuta natembea nimenyoosha shingo.

Jumatatu, 14 Januari

Mvua. Magazeti yote yamelowa.

Jumanne, 22 Januari

Sasa kazi naijua. Tawi unalilaza ndani ya gazeti, gazeti katikati ya vipande vya boksi, kisha mzigo mzima unaubana kwa mbao mbili na mikanda. Doutor anaiita prensa. Masika kama haya tawi halikauki lenyewe, linaota ukungu, kwa hiyo kila siku natoa magazeti mabichi, natia makavu, na yale mabichi nayaanika juu ya jiko la mkaa. Habari zote za Maputo za mwaka juzi nimezisoma, nani kateuliwa, nani kafukuzwa. Nguo zangu zinanuka moshi.

Mamkubwa Mwanasha, ninayekaa naye, amekuja kuchungulia mlangoni. "Wenzio waanika samaki, weye waanika majani. Haya, tutayala na ugali."

Alhamisi, 24 Januari

Amisse ametuma mchele na sukari kwa mtu atokaye Vamizi. Salamu hakutuma.

Amisse ni mume wangu. Anatengeneza mashine za boti kwenye hoteli ya wageni kule kisiwani. Aliondoka miezi saba baada ya kumzika mtoto wetu, akasema anakwenda kwa mwezi mmoja. Sasa tumeingia mwaka wa pili. Hajaniacha, wala hajarudi. Mchele wake ni mzuri, hauna mawe.

Ijumaa, 1 Februari

Leo nimemwonyesha Doutor mkesha.

Kisungule hakuna asiyeujua. Ni kichaka cha kufika kiunoni, majani yake yanang'aa, na kazi yake ni moja: hupandwa kichwani mwa kaburi la mtoto mchanga. Baba ndiye anayepanda kitawi, siku ya maziko, kabla hajanawa mikono. Porini niliwahi kuuona nikiwa mdogo, njia ya mashamba ya mpunga, na leo tulipopita pale nikaukuta, vichaka vitatu. Nikasema tu, bila kufikiri, "Na huu je, Doutor?"

Akapiga magoti topeni. Akageuza jani, akaligeuza tena, akatoa kioo chake cha kukuzia. Kisha akaniambia, "Dona Alima, nimekaa na majani miaka thelathini. Huu siujui." Alisema kwa sauti ndogo.

Anadhani hauna jina vitabuni. Lakini anataka ua na tunda, bila hivyo hakuna atakayemwamini. Nimemwambia unachanua mvua zikikolea. Tutangoja.

Jumanne, 5 Februari

Mvua imetufungia ndani, Doutor akanifundisha Kilatini. Ujana wake alikuwa seminari, alikusudia upadri. Anasema Mungu alimwita, kisha majani yakamwita kwa sauti kubwa zaidi.

Jina la mti, anasema, lina maneno mawili. La kwanza ni la ukoo. La pili mara nyingi ni sifa, na sifa lazima ifuate neno la kwanza: likiwa la kike nayo inakuwa ya kike, likiwa la kiume nayo ya kiume. Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo, mti mrefu, kiti kirefu, nyumba ndefu. Akacheka. Alikwisha fundisha watoto wa chuo kikuu, anasema, waliokaa nalo wiki nzima bila kuelewa.

Sifa yaweza kutengenezwa kwa jina la mahali, hata kwa jina la mtu. Na yeye ana desturi yake: aliyeuonyesha mti ndiye anayechagua. "Kwa hiyo, Dona Alima, utauita nani?"

Sikuwaza hata kidogo. Nilisema, "Zuleica."

Hakuniuliza Zuleica ni nani. Aliandika nyuma ya gazeti kwa kalamu nyekundu: zuleicanus, zuleicana, zuleicanum. Ukoo wa mkesha ni wa kike, kwa hiyo letu ni lile la katikati. Zu-le-i-KA-na. Sauti inapanda silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale tunapopandisha sisi.

Jumatano, 6 Februari

Zuleica aliishi miezi minne. Hatukuwahi kumkatia cédula, karatasi ya kuzaliwa, wala hatukumpiga picha, tulisema akikaa tutampeleka mjini Palma. Kwa miezi ile minne kijiji kizima kiliniita Mama Zuleica. Baada ya maziko wakarudi kuniita Alima. Walifanya kwa huruma, wasinichome. Tangu siku ile jina hilo sijalisikia kinywani mwa mtu mpaka jana, mzee wa watu akilisoma kwenye gazeti, tena kwa Kilatini.

Jumapili, 10 Februari

Nimelijua jina lote na namna linavyobadilika. Doutor ananitajia hali, mie najibu huku nabadilisha magazeti. Zuleicana, akiwa yeye ndiye atendaye. Zuleicanae, kitu kikiwa chake. Herufi mbili za mwisho zinasomwa e, ndivyo mapadri walivyowafundisha, na anayesoma vingine Doutor anamwona mpagani. Zuleicanam, akiwa ametendwa jambo. Na jingine ni umbo la kumwita mtu. Waroma walikuwa na umbo zima la neno kwa ajili ya kuita tu. Nikamuuliza linasemwaje. Akasema kwa jina hili halibadiliki, ni zuleicana vilevile, unachofanya ni kuita.

Nilitoka nje kumwaga majivu, nikaita. Kuku wakanitazama.

Jumatatu, 11 Februari

Mvua. Helikopta mbili.

Jumanne, 19 Februari

Leo tumekwenda kutazama kama mkesha umetia maua. Hakuna mkesha. Hakuna hata njia ya mpunga. Kuna barabara mpya pana, nyekundu, trekta imepita imesukuma kila kitu pembeni, na mvua imeshajaza maji kwenye nyayo zake. Waliofungua njia hawakujua, na sisi hatukuwaambia. Doutor alitafuta kwenye yale marundo mpaka adhuhuri, anainua matawi moja moja. Tumepata vijiti vyenye majani makavu. Aliporudi kwenye gari aliomba radhi, mimi ndiye aliyeniomba, kana kwamba yeye ndiye dereva wa trekta.

Ijumaa, 1 Machi

Mamkubwa amepita makaburini asubuhi akaona mikesha imechanua. Ipo kumi na mmoja. Wa kwetu nao umechanua.

Nikamwambia basi, nitakwenda nikate kitawi kimoja tu. Akaweka chini ungo. "Weye uliupanda?"

"Nilimzaa aliyelazwa chini yake."

"Sikukuuliza hilo. Mkesha akata aliyeupanda. Wengine tunaupita tu. Hata mie ya wanangu wawili sijaigusa, na baba yao kafa, basi imebaki hivyo."

Nimemkasirikia mchana kutwa. Siku ya kuzika wanawake tunabaki nyumbani, hilo naliheshimu. Lakini mtoto nilimbeba mimi, nikamnyonyesha mimi, na kile kilichobaki juu ya ardhi hata kukigusa siwezi.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala kulikuwa na reunião, mkutano, barazani kwa mkuu wa kijiji, juu ya habari za kuhamishwa kupisha gesi. Hakuna anayesema wazi lini, ila kila anayekuja na karatasi anauliza nyumba zetu zina vyumba vingapi. Mwishoni Doutor akasimama akaomba tawi la mkesha, akaeleza habari ya jina.

Wazee wakanong'onezana, kisha mkuu wa kijiji, Mzee Adamo, akasema vizuri sana, kwa upole. Kama mti utapewa jina la Kisungule, baba yeyote mwenye mkesha atakata, hata leo. Kijiji kikiondolewa, angalau jina litabaki mahali. Lakini kama ni jina la mtoto wa mtu mmoja, basi na akate baba wa mtoto huyo.

Doutor akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Zuleica."

Tulipofika nyumbani Mamkubwa akasema, "Kijiji kizima chaondoka, Alima. Kaburi la mamangu, la bibi yako, visima, vyote. Na weye walia na jina moja."

"Ndilo nililo nalo."

"Na sisi je, tuna nini?"

Najua ana haki. Najua pia kwamba nikilitoa hili, Zuleica atakuwa ameishia kwangu, na siku nikifa mimi itakuwa hakuna kitu. Kijiji kina watu mia tatu wa kukikumbuka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempigia Amisse. Namba yake sikuwa nimeipiga mwaka na miezi. Ikaita mara nyingi, halafu sauti yake, "Alima," si kwa kuuliza, kwa kusema tu. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakanipotea yote. Nikamwambia nataka ukate mkesha wa mtoto. Nikamweleza kwa nini, vibaya, nikaruka ruka. Nyuma yake nilisikia mtoto akilia, nikadhani yuko karibu na zahanati.

Akasema, "Ijumaa nakuja. Nami nina jambo."

Nina jambo. Tangu nikate simu nalirudia neno hilo kuliko Kilatini.

Jumatano, 13 Machi

Nimesuka nywele. Mamkubwa ameona, amenipa mafuta yake.

Ijumaa, 15 Machi

Alikuja saa tatu asubuhi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Amenenepa kidogo usoni. Alimwamkia Mamkubwa, akamwamkia Doutor, kisha akanitazama mimi na kusema, "U mzima?" Nikasema mzima. Nilikuwa nimeshika gazeti bichi, nikaendelea kulishika.

Akaenda makaburini peke yake. Doutor alitaka kufuatana naye kwa ajili ya kuandika vipimo, nikamzuia. Alirudi baada ya saa nzima na matawi mawili kwenye kanga aliyopewa na Mamkubwa, moja la maua, moja la vitunda vyekundu. Aliyabeba kwa mikono miwili. Nilimpenda wakati ule, naandika kwa sababu ni kweli, nilimpenda kwa namna alivyobeba matawi yale, na nikasema moyoni, mwambie akae, usingoje aseme yeye.

Tukayalaza prensani pamoja. Mikono yake inajua kazi ndogo ndogo, aligeuza jani moja chali kama Doutor alivyoelekeza, akafunga mikanda. Nikamwonyesha lile gazeti lenye wino mwekundu. Akasoma polepole, midomo inacheza: "Zuleica."

"Zuleicana," nikamsahihisha.

Akakaa chini kwenye kizingiti. Ndipo akasema. Ana mke kijijini Olumbe, anaitwa Ancha, wameoana mwaka juzi. Wana binti wa miezi minane. Wamempa jina Zuleica.

Nadhani nilimuuliza mara mbili. Akasema ndiyo, Zuleica, alitaka jina lirudi. Akasema mtoto usiku halali, usingizi wake ni wa vipande vipande, na wazee wa Olumbe wamewaambia sababu: mtoto aliyepewa jina la marehemu lazima apelekwe kwa mama wa yule wa kwanza, ampakate, ndipo atulie. Yeye aliogopa. Miezi minane anaogopa. Niliposema mkesha akaona ni Mungu amefungua njia.

"Niruhusu nimlete."

Nilimwambia, "Umeoa, hilo lako na sheria inakuruhusu. Hata kuniambia hukuniambia, hilo nalo nitalimeza. Lakini jina lile tulikuwa nalo wawili. Ulilichukuaje bila kuniuliza?"

"Nilidhani hutaki kulisikia. Wote walisema usitajiwe."

"Nani alikwambia? Mimi nilikwambia?"

Akainamisha kichwa. Nikamwambia aondoke na asimlete. Akaondoka na mvua, hata chai hakunywa. Doutor alikuwa nje chini ya upenu muda wote ule, amelowa, hana pa kwenda.

Jumamosi, 16 Machi

Namchukia. Namchukia mwanamke nisiyemjua. Namchukia mtoto wa miezi minane, naomba radhi kwa Mungu. Mimi nilikuwa nahangaika na Waroma ili jina la mwanangu lipate mahali, na huko Olumbe linaitwa kila siku, mtu anamwambia Zuleica usile mchanga, Zuleica njoo unyonye. Alinyimwa nani asilisikie? Mimi peke yangu.

Jumatatu, 18 Machi

Doutor ameondoka na prensa zote kwenda Pemba. Atanipigia kabla hajapeleka maandishi ya jina. Alipokuwa anapanda gari akasema, "Dona Alima, mimi sikuzaa, sijui kitu. Lakini vitabu vinangoja. Usijiharakishe."

Jumatano, 20 Machi

Doutor amekwama njiani, Awasse, siku mbili, tope. Magazeti ya kuanika hakuna tena. Sina kazi ya mikono.

Jumapili, 24 Machi

Alikuja Ancha mwenyewe. Bila Amisse.

Nilikuwa uani nachambua mchele. Nikaona msichana mwembamba amesimama kwenye mvua nyepesi, ana mtoto mgongoni kafunikwa mfuko wa plastiki, yeye mwenyewe hana kitu kichwani. Anaweza kuwa na miaka ishirini na moja. Amepanda gari la mizigo kutoka Olumbe, likamshusha njia panda, akatembea. Akapiga hodi, Mamkubwa akamkaribisha, na mimi sikusimama.

Hakukaa mkekani. Alikaa chini kabisa, mlangoni, akamfungua mtoto akamweka katikati yetu. "Dada, shikamoo. Amisse hajui kama nimekuja. Huyu mwanenu. Mie nimechoka, kwa wiki tatu sijalala." Halafu akaanza kulia, kwa uchovu tu, na mwenyewe anajipangusa kwa ncha ya leso, anaona haya.

Niliendelea kuchambua mchele. Nilikuwa nimeshakusudia kutomtazama yule mtoto. Lakini mtoto hangoji kutazamwa. Alitambaa akafika kwenye ungo, akatia mkono, akajaza mchele kinywani. Ikabidi nimtie kidole kuutoa. Akaning'ata. Ana meno mawili, ya chini, makali.

Hafanani na wangu hata kidogo. Wangu alikuwa na paji kubwa la uso la Amisse. Huyu ana uso wa mamake, mdogo, umechongoka. Nilikuwa naogopa atafanana. Nikampakata. Alikuwa mzito. Wangu sikuwahi kumbeba akiwa mzito hivi.

Hakulala papo hapo kama watu watakavyosimulia. Alinivuta hereni, akanikojolea, akamlilia mamake, akarudi. Kulala alilala baada ya alasiri, juu ya kifua changu, mdomo wazi, na Ancha naye alikuwa ameshalala zamani kwenye mkeka wa Mamkubwa, na viatu miguuni. Nilikaa nao mpaka mguu ukafa ganzi.

Jumatatu, 25 Machi

Wamelala hapa. Asubuhi nilimsikia Ancha uani akiita, "Zuleica, we Zuleica, rudi hapa." Nilikuwa jikoni napuliza moto. Sikutoka. Nilitaka aite tena.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua zinapungua. Watu wa gesi wametia vigingi vyenye kitambaa cha njano kutoka kisimani mpaka makaburini. Mamkubwa kavihesabu akaja kunitajia idadi, kisha akaketi, akaanza kutaja walioko makaburini, jina kwa jina, wa ukoo wetu na wa koo nyingine. Wengi sikuwahi kuwasikia. Wengine yeye mwenyewe alikwama: mtoto wa fulani, yule wa mwaka wa njaa, jina limempotea. Niliandika aliyoyakumbuka. Zimejaa kurasa nne.

Ijumaa, 5 Aprili

Doutor amepiga simu mchana. Matawi yamekauka vizuri, hayakushika ukungu hata doa. Wenzake wa nje wamekubali kwamba mti haujulikani. Maandishi yako tayari mezani, kimebaki kitu kimoja, aweke zuleicana au angoje.

Nikamwambia aandike Kisungule.

Nikasikia anatafuta kalamu. Akasema basi itakuwa kisungulensis, hiyo ya kike na ya kiume ni moja, haina taabu. Akaitamka mara mbili polepole ili niishike. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ndogo ya siku alipopiga magoti topeni, "Una hakika, Dona Alima? Jina la mtoto likitoka hapa siwezi kulirudisha. Nilidhani ulitaka lisipotee."

"Halijapotea, Doutor. Zuleica yuko Olumbe, ana meno mawili. Ijumaa ijayo analetwa."